Mwanamke wa Kwenye Wimbo

Shemeji yangu amekula, amevaa na amesomesha watoto kwa uongo mmoja tu: kwamba mkewe alitoroka na dereva wa lori. Mkewe ni dada yangu, na dada yangu hajawahi kukimbia hata mvua.

Shemeji alianza na gitaa la umeme kwenye bendi ya harusi. Wakamfukuza, maana kila alichogusa kiligeuka kilio, hata maharusi wakikata keki. Yeye alikuwa mtu wa bluzi, ule muziki wa majonzi, basi. Ndipo akatunga "Baridi ya Kitanda", wimbo wa mume aliyeamka alfajiri akakuta mke katoroka na dereva wa lori. Pale katikati huuvuta uzi mwembamba kwa kidole cha pete mpaka gitaa linalia kama mtu. Mtangazaji wa redio akamuuliza, "Kaka, haya yamekukuta kweli?" Shemeji akainamisha kichwa, akanyamaza. Kimya hicho kilimtosha mtangazaji. Watu wakampa pole kila kona, na mialiko haikukoma tena.

Mwanzoni tulicheka. Redio ikimtangaza dada kuwa katoroka, yeye yuko jikoni anamkanda mumewe vidole kwa maji ya moto na chumvi, na sote tumeshika mbavu. Utani ulikuja kuchacha binti yao alipopata mchumba. Wakwe walikuja, wakala, wakasifu chakula, halafu mama mkwe mtarajiwa akamvuta binti pembeni. "Huyu mama yako wa kambo, anakutunza vizuri?"

Dada alikuwa mlangoni na sinia mkononi. Alisikia kila neno. Jioni ile nilimkuta akiosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Utasema," alimwambia mumewe. "Siku ya onyesho lako la kuaga muziki, mbele ya watu wote. Sema mkeo ni mimi na sijaenda popote. Mtoto wetu asiolewe na aibu isiyo yake."

"Nitasema, mke wangu. Haki ya Mungu nitasema."

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa tangu mchana, na redio ilikuwa inarusha matangazo moja kwa moja, kwa hiyo wakwe nao wangesikia. Tulikaa safu ya mbele. Dada alikuwa amesuka, amevaa gauni jipya, na kila mara alikuwa akijinyoosha mgongo kwenye kiti, tayari kusimama akiitwa.

Ulipobaki wimbo mmoja, shemeji akasogea kwenye kipaza sauti. "Kabla sijapiga huu wa mwisho, nina neno. Yule mwanamke..."

Akatutazama. Ukumbi ukatulia, ikabaki spika peke yake inavuma. Mtu mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Pole sana, mzee wetu!" Ukumbi mzima ukaitikia, "Pole!" Shemeji akarudi nyuma hatua moja, akalishika gitaa vizuri.

"Asanteni," akasema, akaanza kupiga.

Na alipiga vizuri, hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Alipiga macho yake yakiwa kwenye viatu vyake, na uzi ule mwembamba haukuwahi kulia namna ile. Mama mmoja aliyekaa karibu na dada alikuwa akijipangusa machozi kwa upande wa khanga.

"Popote alipo mwanamke yule," akatuambia, "aone haya."

"Anaona," dada akajibu. "Anaona haya sana."

Tulimkuta shemeji nyuma ya jukwaa, jasho linamtiririka, mashabiki wamemzunguka. Alipotuona akakosa pa kuweka macho. Shabiki mmoja akauliza, "Mzee, na hawa kina mama ni nani?"

Hapo hapakuwa na redio wala ukumbi. Lilikuwa neno moja tu, mbele ya watu wachache. Nilimwombea kimoyomoyo alitamke.

"Hawa," akasema, "hawa ni shemeji zangu."

"Jamani! Na bado mnakuja kumtazama, baada ya alichomfanyia dada yenu? Mna moyo kweli." Shabiki akatunyooshea mkono. Niliupokea, na aibu ikanipanda mpaka masikioni, kwa sababu mdomo nilikuwa nao na sikuutumia. Shemeji alikuwa akikunja waya wa gitaa, anaukunja, anaukunjua, anaukunja tena.

Dada naye aliupokea ule mkono, akashukuru kwa adabu zote. Kisha akamgeukia mumewe.

"Haya, shemeji," akamwambia. "Sisi tunakwenda."

Dada alilala kwangu. Kesho yake nilikwenda kumchukulia nguo zake. Shemeji alinifungulia mlango mwenyewe, akanionyesha kabati, akabaki amesimama koridoni huku nikiondoa gauni moja baada ya jingine. Hakuthubutu hata kuniuliza dada atarudi lini.