Mtu wa Kuarifiwa Kwanza

Kifungo cha tatu cha shati jeupe la mume wangu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi. Nilikiona nikiwa nimeinama juu ya beseni, mwanangu mgongoni, mikono ikaniganda ndani ya povu. Uzi mweupe ninao, kibweta kizima, kwa hiyo mshonaji hakuwa mimi. Mama mkwe alishaacha kushona tangu macho yake yaanze kuona sindano mbili mahali pa moja. Na mume wangu, ambaye anaweza kusimama mbele ya majaji watatu akawanyima usingizi, hajui hata sindano inashikwa upande gani.

Jioni nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi ipo. Akafikiri kidogo.

"Ah, Tarumbeta huyo," akasema. "Kiling'oka tukiwa mkutanoni, akanishonea palepale, nimevaa."

Nimevaa. Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo. Asubuhi nikaukata ule uzi kwa wembe, nikakishona kifungo upya kwa uzi mweupe, nikakaza mpaka kitambaa kikajikunja.

Tarumbeta si jina alilopewa na mama yake. Ni nesi aliyefukuzwa kazi kwa kuongoza mgomo wa wauguzi, na watu walimbandika jina hilo kwa sababu hahitaji kipaza sauti. Mume wangu ndiye aliyemtetea. Siku hizo alikuwa wakili wa haki za binadamu na basi, na mimi mpiga chapa wake: chumba kimoja juu ya duka la vioo, meza mbili, feni inayozunguka ikipenda, na benchi ambalo sikuwahi kuliona tupu. Walikaa pale akina mama ambao vijana wao walichukuliwa na gari lisilo na namba, wapangaji waliobomolewa nyumba, watu wenye alama za pingu mikononi. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, naweza kupiga chapa bila kutazama vidole, na nina kiherehere cha kutokosea. Tulioana humohumo, kati ya kiapo na kiapo, kama alivyozoea kutania.

Kilichomtoa mahakamani ni ile kesi ya waliobomolewa nyumba. Aliishinda. Hukumu ikasomwa, tukalia, tukakumbatiana na watu tusiowajua. Mwaka ukapita bila tofali moja kurudi mahali pake. Siku moja akaikunja nakala ya hukumu akaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza, na meza ikaacha kuyumba.

"Angalau imefanya kazi," akasema.

Miezi miwili baadaye alichukua kadi ya chama cha upinzani akatangaza kugombea ubunge, na aliyeongoza kampeni yake akawa Tarumbeta.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa na watu watano: mume wangu, mama yake, mimi, binti yetu wa miezi saba, na Tarumbeta, ambaye hakuwahi kukanyaga mlango wetu lakini mezani hakosekani. Tarumbeta anasema tuanzie mtaa wa juu. Tarumbeta anasema tai inawatisha watu. Tarumbeta ndiye aliyemkumbusha dawa yake ya pumu. Siku moja nililihesabu jina hilo wakati mume wangu anakunywa chai: mara kumi na moja, na kikombe hakijafika nusu.

Mama mkwe, ambaye ulimi wake haujui likizo, alikuwa akinitazama.

"Mwanamume akienda kugombea, mwanangu, naye hugombewa," akaniambia huku akimrusharusha mjukuu wake.

Nilicheka kwa meno tu.

Sitaki kujisafisha. Nilikuwa na gauni lenye mabaka mawili ya maziwa kifuani na nywele ambazo kitana kimezisahau, na mwenzangu alikuwa na jukwaa. Niliwahi kupita kando ya uwanja nikawasikia. Tarumbeta alianza sentensi, mume wangu akaimalizia, watu wakacheka. Nikasimama nyuma ya kioski cha vocha kama mwizi. Zamani tulikuwa hivyo mimi na yeye: akianza kusema, vidole vyangu vimeshafika mwisho wa sentensi.

Sasa nieleze habari ya fomu. Mume wangu aliitunga mwenyewe, karatasi moja tu, ili kila anayekwenda kwenye maandamano au mkutano unaoweza kuishia ndani ya karandinga la polisi aijaze kabla ya kutoka. Jina lako, ugonjwa wako, dawa zako, watoto wanabaki na nani. Katikati, kwa herufi nene: MTU WA KUARIFIWA KWANZA. Chini yake: UHUSIANO. Niliipiga chapa mimi miaka minne iliyopita, pamoja na karatasi ya maelekezo yake. Wateja walikuwa wakiduwaa hapo katikati, kalamu hewani, na mume wangu akiwaambia kila mara maneno yaleyale: usiandike unayempenda kwa mdomo, andika yule atakayekuja.

Jumanne alisahau dawa yake ya kuvuta. Nikambeba mtoto nikaipeleka ofisi ya chama, ambayo zamani ilikuwa kinyozi; vioo bado viko ukutani, kila ukigeuka unajiona. Mume wangu hakuwepo. Karani wa chama, mzee mwenye upara unaong'aa kuliko vile vioo, akaniambia niiweke kwenye jalada la mheshimiwa rafuni, maana dawa hukaa pamoja na fomu.

Nikalifungua. Mwandiko ulikuwa wake, ule uliolalia kushoto, ambao nilikuwa nikiusoma hata akiandika gizani. Mtu wa kuarifiwa kwanza: Tarumbeta, kwa jina lake kamili. Uhusiano: mtu wa karibu.

Niligeuza karatasi. Nyuma hakukuwa na kitu. Nikainua macho, nikamwona mwanamke katika vioo vinne, mtoto kiunoni, kinywa wazi. Nikakifunga.

Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikumbuki barabara. Sikupiga kelele wala sikuvunja sahani. Mama mkwe aliniuliza kama naumwa, nikamwambia kichwa. Mume wangu aliporudi nilimpakulia, nikamjibu ndiyo na hapana, nikageukia ukuta. Akauliza kuna nini. Hakuna. Akauliza tena. Hakuna. Asubuhi ya Jumatano alisimama mlangoni akisubiri nimwambie nenda salama, kama kila siku. Mimi nikajifanya nambadilisha mtoto nepi, na nepi yenyewe ilikuwa kavu. Alisubiri kidogo, akaenda.

Saa sita mchana jirani akapandisha sauti ya redio yake. Mgombea wa upinzani amekamatwa akihutubia bila kibali. Kibali chenyewe nilikiona kwa macho yangu, kilikuwa mfukoni mwake, kina mihuri miwili.

Simu yangu haikulia. Niliitazama ikiwa juu ya meza na haikulia, nami nilijua italia kwa nani.

Mama mkwe akamchukua mtoto mikononi mwangu bila kuuliza. Nikapanda zile ngazi za juu ya duka la vioo, kwa aliyekuwa mwenzake wa kazi mume wangu, wakili mtu mzima ambaye sote tunamwita Shangazi. Alikuwa amevua viatu chini ya meza, anaandika kwa mkono.

"Keti," akasema. "Wako wawili. Tarumbeta amepigiwa simu, akaenda kituoni na mfuko wa nguo kuuliza yuko selo gani. Naye wakamweka ndani."

Sijui uso wangu ulisema nini. Najua mdomo wangu ulisema, "Hata huko wako pamoja."

Shangazi akavua miwani. Ananifahamu tangu nikiwa mgeni pale, nikiogopa hata kuazima kalamu. Hakunikaripia. Alinyoosha kidole ukutani, kwenye ile karatasi ya maelekezo, iliyopauka kwa jua.

"Kifungu cha tano," akasema. "Kisome. Si uliandika wewe?"

Nikasoma. *Anayekuja kwanza kuuliza, mara nyingi naye huzuiwa. Kwa hiyo asiandikwe mama anayenyonyesha.*

Niliyapiga chapa maneno hayo bila kosa hata moja. Wakati ule sikuwa na mtoto. Vidole vilipita juu yake kama mvua juu ya bati, na kichwani hakikuingia kitu.

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza.

"Angekuambia, ungekubali?"

Nikakisoma tena kifungu cha tano.

Akanieleza yaliyobaki. Mume wangu alikaa mbele ya fomu yake mwenyewe nusu saa, akiwa ameduwaa kama wale wateja, mpaka Tarumbeta akamwambia aandikwe yeye, kwa kuwa yeye hana mtoto wa kumlilia titi. Ndugu za Tarumbeta wako safari ya siku mbili kutoka hapa. Wala hawajajua kwamba amekamatwa.

Ungedhani wivu ungezimika hapo. Wapi. Ulihama chumba tu. Kwanza nilimwonea mwanamke yule wivu kwa sababu ya kifungo. Sasa nilimwonea kwa sababu ya selo. Mume wangu alikuwa amegawa mafungu mawili, langu usalama na la mwenzangu hatari, na mimi, mjinga wa Mungu, nililitaka lile la mwenzangu. Niliposhuka zile ngazi nilikuwa nalia, na sijui hata leo ni machozi ya aibu au ya hasira. Titi lilikuwa limejaa, linauma. Hilo nalo likanikumbusha kifungu cha tano.

Nyumbani nikanyonyesha huku nikimsimulia mama mkwe, kisha nikaanza kufunga mfuko wa mume wangu. Shati, soksi nzito, mswaki, dawa ya kuvuta ya akiba, taulo jipya la bluu. Mama mkwe alikaa kitandani akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Na yule mwingine," akasema, "nani anampelekea?"

"Mama, leo usinichokoze."

"Sikuchokozi. Nauliza. Yeye si alikwenda na mfuko wa mwanangu? Wa kwake ulibebwa na nani?"

Nikachukua mfuko wa pili. Nikaweka kanga, sabuni, gauni langu ambalo halijanitosha tangu nijifungue. Na taulo. Nilikuwa na jingine zuri kabatini, nililiona. Nikachukua lile kuukuu la kijani, lenye tundu ambalo mkono unapita. Mama mkwe aliona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno.

Asubuhi Shangazi akanipitia. Akanihakikishia kwamba nikiingia na wakili, mchana, jina langu likaandikwa kitabuni, hawatathubutu kunizuia. Na kama wangethubutu, chupa moja ya maziwa yangu ilikuwa tayari kwa bibi yake mtoto. Nikaichukua mifuko yote miwili, nikamfuata.

Kaunta ya kituo ilikuwa ndefu, imechubuka katikati mahali watu wanapoegemea. Askari wa zamu alikuwa mtu mnene wa taratibu, anayelamba kidole kabla ya kufunua ukurasa. Akamwaga mifuko yote miwili juu ya kaunta, mmoja kushoto, mwingine kulia, akaanza kukagua.

"Huu wa nani?"

"Wa mgombea. Mimi ni mkewe."

Akaandika. "Na huu?"

"Wa yule mama aliyekuja jana kumuulizia."

"Wewe nani yake? Vitu vinapokewa kwa ndugu tu."

Shangazi akafungua kinywa aanze kumsomea sheria. Nilijua ingechukua saa nzima, na nilijua pia kwamba ningeweza kuukunja ule mfuko nikaenda nao nyumbani, na hakuna ambaye angenilaumu. Ningesema simjui vizuri. Lingekuwa neno la kweli. Mkono wangu tayari ulikuwa umeigusa ile kanga.

"Ni wifi yangu," nikasema.

Askari akanitazama. Akaitazama mirundo miwili. Akalinyanyua lile taulo la kijani kwa vidole viwili, akanichungulia kupitia kwenye tundu.

"Hapo nimeamini," akasema. "Kweli ni wifi yako."

Shangazi akakohoa kuficha kicheko. Mimi uso uliniwaka mpaka masikioni. Nikanyoosha mkono, nikalichukua taulo la bluu kutoka rundo la mume wangu nikaliweka kwa Tarumbeta, nikalitupa la kijani kwa mume wangu.

"Nilichanganya," nikasema.

"Hutokea," akasema askari, akilamba kidole.

Akabeba mifuko hadi mwanzo wa korido. Huko ndani kulikuwa na milango na giza, na mume wangu mahali fulani, ambaye sikumwambia nenda salama. Askari akaita jina kamili la Tarumbeta, lile nililolisoma kwenye fomu, kisha akasema, "Wifi yako amekuletea nguo."

Nikashika ukingo wa kaunta. Akisema hana kaka, akisema hana wifi, basi mimi ni mwongo mbele ya kitabu cha polisi, na lile taulo litarudi nami nyumbani.

Halafu ikaja sauti ambayo haihitaji kipaza.

"Mwambie kachelewa. Na mtoto kamwacha na nani?"

Askari akanigeukia kusubiri jibu, kalamu sikioni. Nilikasirika kidogo, ndiyo. Amri za nini? Lakini ilikuwa hasira ndogo, ya nyumbani, ya mtu anayeulizwa na wifi yake mbele za watu.

"Na bibi yake!" nikajibu, kwa nguvu zangu zote, ili ifike mlango wake na mlango wa pili. "Na mwambie kaka yake, nilisahau kumwambia jana: aje salama."