Koti Kwenye Chumba cha Nyama

Pasi ya kusafiria ya Mama Ukoko ilikuwa kwenye mfuko wa shati la mwanawe, na mfuko ulikuwa umefungwa kifungo.

"Mama, juzi tu nimonia ilikulaza hospitali. Huko barafu inaanguka kutoka juu. Huendi."

Mama Ukoko hakuinua hata kichwa. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wa shule aliyopikia miaka mingi, maana hakuna aliyeonja ukoko wa sufuria yake ila kwa hisani yake. Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku, anakunja soksi. Binti yake, kitinda mimba, alikuwa anakaribia kujifungua huko ugenini, uzazi wa kwanza, na hakuwa hata na jirani wa kumchemshia maji. Ni safari ya siku kumi tu.

"Mimi nimewazaa ninyi wawili," alisema. "Nimonia sikuizaa, kwa hiyo hainipangii. Leta pasi."

"Sileti. Utaganda kama samaki."

"Samaki angekuwa na koti asingeganda."

Akaanza kuvaa palepale, jua la mchana likikaanga bati. Fulana juu ya fulana. Suruali ndani ya suruali. Sweta la marehemu mumewe. Kisha koti la mtumba lililomfika kwenye vifundo vya miguu, lenye manyoya shingoni ambayo hata muuzaji hakujua ni ya mnyama gani. Skafu, kofia ya sufu, glavu, buti.

"Unafanana na godoro lililofungwa kamba," mwanawe alisema.

"Godoro halijawahi kulala na baridi. Twende kwa mwenye bucha."

Barabarani jasho lilimtiririka mpaka ndani ya buti. Fundi viatu aliita kutoka kibarazani kwake: "Mama Ukoko, koti hilo halikuelemei?"

"Ng'ombe haelemewi na nunduye! Shona viatu!"

Mwenye bucha naye alikuwa ameula ule ukoko enzi zake. Alipoelezwa shida, alicheka hadi akaweka kisu chini, kisha akafungua mlango wa chumba cha baridi anamotundika nyama.

"Nikitetemeka, kaa na pasi mpaka unizike," Mama Ukoko alimwambia mwanawe. "Nisipotetemeka, unanipa."

"Tuingie wote, nishuhudie mwenyewe." Kijana alitunisha kifua ndani ya shati la mikono mifupi. Mwenye bucha alimpa koti lake la kazi, akalikataa kama aliyetukanwa.

Mama Ukoko alikaa juu ya kreti, katikati ya mapaja mawili ya ng'ombe. Pumzi ya kwanza ilishuka na kukwaruza palepale nimonia ilipokuwa imepiga kambi. Kikohozi kikapanda hadi kooni. Akaogopa kweli. Lakini alishameza makubwa kuliko kikohozi. Akakimeza, akavuta skafu juu ya pua, na hewa ikaanza kuingia na uvuguvugu, taratibu, kama mvuke wa jikoni.

"Haya, nipe habari," alisema kutoka ndani ya skafu. "Mke hajambo?"

"Hajambo."

"Na kazini?"

"Kazini… ku-kuzuri."

"Mbona unakatakata maneno? Hapa ni bucha, lakini si kwa kiasi hicho."

Kijana alijikumbatia. Akarukaruka. Akamtazama mama yake, ametulia kama jiwe la jikoni, kope tu zikicheza.

"Mama, tu-tutoke."

"Nani anatetemeka?"

Alitazama nyama, akatazama mlango. "Mimi."

Nje, alishika kifungo cha mfuko. Vidole vilikuwa vigumu kama vijiti, kifungo kikamteleza, kikamteleza tena. Mama Ukoko alivua glavu moja. Kwa vidole vya moto, kama alivyomfungua vifungo vya sare akitoka shule, alifungua mfuko na kuchukua pasi yake. Kisha akavua skafu, akamzungushia shingoni.

"Hiyo nakuazima tu. Jioni naifuata, sanduku halijafungwa."

Akamgeukia mwenye bucha. "Mkatie mwanangu mifupa ya supu, apate joto. Mimi nina safari."