Radhi ya Vyoo

Katika baraza la mkoa ule wa theluji, kaskazini mwa Japani, swali halikuwahi kumshtua mtu. Lingemshtuaje? Mjumbe akitaka kuuliza jambo, karani humwendea mapema, akainama, akasema kwa adabu zote, "Mheshimiwa atauliza nini safari hii?" Akishaambiwa, hurudi ofisini kuandika jibu. Siku ya kikao mmoja anasoma swali, mwingine anasoma jibu, na wazee wa viti vya nyuma wanasinzia kwa raha zao. Demokrasia safi kabisa, haina hata kikohozi.

Kurihara Tazuko alikuwa mjumbe wa baraza hilo, mama mfupi mwenye sauti nene, na tangu achaguliwe alidai jambo moja tu mpaka wenzake wakambandika jina la Mama Kabati. Zamani, mwalimu wa kuogelea kwenye bwawa la mkoa aliwadhulumu kingono mabinti wa timu yake. Mabinti waliposema, wakubwa waliwaambia waache uzushi. Mwalimu alikwisha kufa, akazikwa kwa maua na hotuba. Baadaye idara ya elimu ilifanya uchunguzi, ikaandika ripoti, kisha ikaifungia kabatini, eti kulinda faragha ya waliodhulumiwa. Na hao waliodhulumiwa ndio waliokuwa wakiiomba! Makubwa haya.

Mmoja wao, Mimori Chizuru, ndiye aliyekuwa akimkata Tazuko nywele.

"Mheshimiwa, tulia, nitaondoka na sikio," alimwambia wiki ile kabla ya kikao, mkasi mkononi. "Kwa hiyo unauliza tena?"

"Nauliza tena. Njoo ukae roshani ya wageni unitazame."

"Nije kufanya nini? Kumsikia Usami wa idara ya elimu akisema 'tutalitafakari'? Hilo naliota hata usingizini." Chizuru akampangusa nywele shingoni. "Dada, mie sitaki hata senti. Ripoti waifungue, na mtu mmoja wa serikali asimame hadharani aseme halikuwa kosa letu. Mama yangu alikufa akiamini nilimsingizia mwalimu. Nikilisikia hilo neno, basi, nitalala. Lakini kuja huko, siji ng'o."

Tazuko alimlipa, akatoka.

Karani alipomjia, alimpa maswali mawili. La kwanza lilihusu vyoo vya wasichana katika shule za mkoa, ambavyo mabomba yake yalipasuka kwa baridi, vikafungwa, na wasichana wakawa wanabanwa mpaka warudi nyumbani. La pili, ripoti. Karani akaenda akaandika. La vyoo aliliandikia jibu tamu, maana fedha za mafundi zilikuwa tayari. La ripoti akanakili lilelile la mwaka jana.

Siku ya kikao theluji ilianguka tangu alfajiri. Bwana Usami Kanehiro, mkurugenzi wa elimu, alikaa na karatasi zake zimepangwa sawasawa, chai ya moto ubavuni. Hakuwa mtu mbaya, jamani, tusimwonee. Alikuwa mtu wa karatasi tu. Inasemekana hata harusini kwake alisoma.

Tazuko alipanda jukwaani, akavaa miwani, akainua macho mara moja kabla ya kuanza. Juu roshanini, kiti cha mwisho, Chizuru huyo! Koti limeganda theluji, mikono magotini, kajikunyata utadhani anasubiri kupigwa. Vyoo vyote vya dunia vilimtoka Tazuko kichwani.

"Mabinti wa bwawa la mkoa," alisema, "wameisubiri idara kwa miaka. Je, mtafungua? Na mnawaambia nini?"

"Mkurugenzi wa elimu!" akaita mwenyekiti.

Usami alisimama, akainama, akachukua karatasi ya juu. Kusikiliza swali hakukuwa sehemu ya kazi yake. Akasoma kwa sauti nzuri ya redio:

"Wasichana wetu wamevumilia muda mrefu mno. Walilalamika, nasi tukawaambia wasubiri. Kosa ni letu, wala si lao. Kwa niaba ya idara, naomba radhi kutoka moyoni. Kilichofungwa kitafunguliwa kabla ya mwisho wa mwezi huu." Akageuza ukurasa. "Aidha, mafundi wa bomba wamekwisha kuagizwa."

Mzee Wakisaka wa viti vya nyuma, bingwa wa kuzomea na wa kusinzia, akazinduka.

"Mafundi wa bomba?" akauliza kwa sauti. "Ripoti inavuja?"

Kicheko kikapasuka. Masikio ya Usami yakaiva. Karani akaja mbio, mgongo ameukunja kati ya viti, akamsukumia karatasi ya pili. Mwenyekiti akagonga meza. "Bwana Mkurugenzi, kwa mujibu wa kanuni, ukitaka kauli ifutwe kwenye kumbukumbu, utaje maneno yenyewe."

Tazuko alikuwa bado jukwaani. Kosa lilianzia kwake, alilijua hilo, na mtu muungwana angesema samahani, nimeruka swali. Alimwangalia Chizuru, ambaye hakuwa akicheka, na uungwana ukamwisha.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mie sina haraka," alisema kwa upole wa mama mkwe. "Kaka yetu Usami achague mwenyewe. Tufute 'wamevumilia muda mrefu'? Au 'kosa si lao'? Au ile radhi ya kutoka moyoni? Mafundi wa bomba namwachia bure."

Usami aliitazama karatasi ya pili, kisha, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akatazama watu. Alitazama waliokaa chini, akatazama roshanini, akamwona mwanamke aliyekaa peke yake na koti lililolowa. Hakuna aliyemwambia huyo ni nani. Hakuhitaji kuambiwa.

"Mafundi… mafundi wafutwe," alisema.

Watu wakacheka, kisha wakaacha.

"Yaliyobaki… yabaki. Mimi sikuwepo wakati ule. Hapana, si hivyo… niliisoma. Ripoti, niliisoma. Walikuwa watoto. Walisema kweli, na sisi tu… tuli…" Alitafuta neno mezani, hakulipata. "Halikuwa kosa lenu. Itafunguliwa. Samahani." Akainama mpaka paji la uso likagusa karatasi, akakaa hivyo mpaka mwenyekiti akaona haya.

Tazuko alimkuta Chizuru nje mlangoni, theluji ikimwangukia kichwani, macho mekundu.

"Si ulisema huji ng'o?"

"Nilipita tu." Chizuru akafuta pua kwa kiganja. "Yule bwana ile radhi ya kwanza aliisoma vizuri, eh?"

"Vizuri mno, shoga yangu."

"Basi ile iwe ya vyoo." Akakung'uta theluji kichwani. "Hii ya pili, aliyoibabaikia, ndiyo yangu. Kesho naenda kaburini kwa mama, nimwambie."