Mashuka Yaachwe Yalivyo

Safari ya pwani ilipangwa kwa miezi minne, na yote ilipangwa ndani ya chumba cha kufulia nguo za hospitali, kati ya mashine zinazonguruma na mlima wa mashuka usiopungua. Kukunja shuka la hospitali si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anashika ncha mbili huku, mwenzake ncha mbili kule, mnavuta, mnakung'uta, mnasogeleana mpaka mikono inagusana, kisha mnarudi nyuma mkaanze lingine. Wanawake wawili wakifanya hivyo kutwa nzima kwa miaka sita, siri zinakwisha. Ndiyo maana wenzao waliwaita Mapacha, nao wakaitana pacha, ingawa mmoja alikuwa mrefu kama ngazi na mwingine ilibidi apande boksi la sabuni ili afikie rafu.

Huyo wa boksi ndiye aliyeitwa pia Mipango, na jina lilimstahili. Hakuwahi kuiona bahari ila kwenye kalenda, lakini alijua basi linaondoka saa ngapi, kiti gani hakiko juu ya tairi, na chumba kipi cha nyumba ya wageni kina vitanda viwili na dirisha linalotazama maji.

"Kitanda cha dirishani chako," alimwambia yule mrefu, aliyebaki na jina la Pacha. "Mimi bahari nimeshaiona. Wewe ndiye mshamba wetu."

"Mshamba mwenye ratiba," akajibu Mipango.

Katika ratiba hiyo hakukuwa na kazi yoyote. Ni kulala, kula, kuloweka miguu, kulala tena. Sheria ilikuwa moja tu, na Mipango ndiye aliyeitunga: asubuhi hakuna kutandika. Mashuka yaachwe yalivyo, yajikunje yenyewe yakitaka. Walicheka sheria hiyo wiki nzima.

Sasa, kubadilishana zamu kulikuwa na daftari lake, limening'inizwa kwa kamba kwenye msumari karibu na mlango. Anayebadilisha zamu ni lazima asaini. Lakini kazi ya maji ni kazi ya maji, mikono haikauki, kwa hiyo Mapacha walisainiana. Mipango mwenyewe ndiye aliyemfundisha mwenzake kuichora saini yake, kwenye kifuniko cha boksi la sabuni, mpaka ikafanana kabisa. Watu wanaficha funguo chini ya mkeka na bado wanaibiwa; yeye saini aligawa kwa mkono wake, tena kwa kicheko.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya safari, Pacha hakuwepo. Aliomba ruhusa akasuke nywele za pwani. Mipango akapita kwenye daftari, kuhakikisha tu, maana mtu wa mipango hahakikishi mara moja tu. Mstari wa Pacha, wa kubadilisha zamu ya Jumamosi na Jumapili, ulikuwa salama. Mstari wake yeye ulikuwa umekatwa, na chini yake pameandikwa: *Narudi kwenye zamu yangu, Jumamosi na Jumapili.* Saini ilikuwa yake, imechorwa vizuri kuliko anavyoichora mwenyewe. Tarehe ilikuwa ya Jumatano. Na Jumatano yeye hakuwa kazini. Alikuwa nyumbani, akimwonyesha wifi yake anayekuja kukaa na watoto kila kitu kinakaa wapi.

Unajua alifikiri nini? Alifikiri Pacha amekosea mstari! Msimamizi wao, waliyemwita Bi Zamu, alikuwa ameshaondoka mapema. Mipango akapiga simu ya Pacha, ikaita mpaka ikakata. Akaandika ujumbe: *Pacha, umekosea kwenye daftari. Usijali, tutarekebisha. Tukutane stendi.*

Asubuhi wifi akamvika kofia pana ya majani. "Kwa kofia hii, wifi, jua lenyewe litakuomba radhi," akasema, na Mipango akatoka anacheka, begi begani.

Basi lilikuwa limeshawashwa. Akahesabu madirisha mpaka kwenye viti vyao. Pacha alikuwa ameketi, nywele mpya zinang'aa. Kando yake, kwenye kiti cha dirishani, alikuwapo Bi Zamu na miwani ya jua, anatafuna karanga, anasoma simu yake. Pacha akainua macho, akamwona. Mipango akainua mkono. Pacha akanyoosha wake mbele ya Bi Zamu, taratibu, akavuta pazia.

Basi likaondoka. Mipango akabaki kwenye moshi na kofia yake. Aliumia, na si kwa ajili ya bahari, maana bahari haihami. Kilichomuuma ni lile pazia. Kisha, kwa kuwa daftari lilisema yuko zamu, akaenda kazini na begi lake. Siku mbili alikunja mashuka na mama mmoja wa zamu nyingine, aliyekuwa akivuta kabla ya wakati.

Jumatatu Bi Zamu aliingia pua imebabuka kwa jua, furaha tele.

"Mipango, mwanangu, asante sana! Pacha kaniambia ulijitolea kubaki, eti safari ndefu zinakuchosha. Na huyu mwenzako ana vituko! Kanikataza kutandika kitanda. Eti ni sheria yake, mashuka yaachwe yalivyo!"

Akacheka peke yake, akaenda ofisini. Pacha alikuwa anatazama sakafu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga, na hapo nguo zilikuwa tele.

"Alitusikia tukipanga," Pacha akasema kwa sauti ya chini. "Akasema na yeye amechoka, angependa kuja. Ningemkatalia vipi, pacha? Na ile nafasi ya kazi ya stoo niliyoiomba, ni yeye anayeitoa mwezi ujao."

"Ungeniambia."

"Ungekasirika."

"Ningekasirika. Halafu ningekupisha. Ningekupa na kofia."

Mashuka yalikuwa yanasubiri, kwa hiyo wakashika ncha, huku na kule, wakavuta, wakakung'uta, wakasogeleana. Mikono ilipogusana, Mipango alizichukua ncha zote nne, akamalizia kukunja kifuani mwake, akaliweka shuka juu ya rundo. Kisha akaenda ofisini akaomba ahamishiwe kwenye mashine za kukaushia, ambako mtu hufanya kazi peke yake. Bi Zamu alishangaa, lakini akasema sawa, aandike tu kwenye daftari.

Mipango akanawa mikono bombani. Alipogeuka, Pacha alikuwa ameshasimama kwenye msumari, kalamu mkononi, kwa mazoea ya miaka sita.

"Mikono yako imelowa," akasema. "Nikusainie?"

Mipango akajifuta kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, mpaka mikono ikakauka kabisa. Akaipokea kalamu. Akafunika ukurasa kwa mkono wa kushoto, kama mwanafunzi asiyetaka kuibiwa jibu, akachora saini mpya.