Mawe Manane Kushoto, Saba Kulia

Umewahi kumwonea mtu wivu mpaka hata salamu yake ikakukwama kooni, na mtu mwenyewe ni mdogo wako wa tumbo moja? Basi Timazi alimwonea wake miaka hamsini.

Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa kusimama wima kama ule uzi wa kupimia ukuta. Yeye na mdogo wake ndio waliochonga mawe ya kanisa dogo la chuo kikuu, lile lenye madirisha membamba ambayo asubuhi humwaga mwanga wa buluu kwenye benchi za mbele. Tao la juu ya madhabahu walilijenga pamoja, mkubwa kushoto, mdogo kulia, wakipandisha mawe juu ya fremu ya mbao mpaka wakaribiane kileleni. Hapo katikati huingia jiwe la mwisho, lenye umbo la kabari, linalobana mengine yote yasimame bila mbao. Kwa mafundi wa mawe, anayeliweka hilo ndiye mwenye tao. Wengine walikuwa wanasaidia tu.

Siku ya kuliweka, mke wa Timazi akashikwa na uchungu. Timazi akakimbilia hospitali na vumbi lake mwilini. Kesho yake anarudi, baba wa mapacha, anakuta jiwe liko juu na mkuu wa chuo anampigapiga mdogo wake mgongoni. Tangu hapo, picha ukutani ni ya mdogo, na wageni wakija huitiwa mdogo.

Sasa kanisa lilikuwa linatimiza miaka hamsini, na wote wawili wakaalikwa.

"Ukinuna leo nakuacha hapohapo mlangoni," mkewe alimwambia wakipanda ngazi.

"Nimenuna saa ngapi?"

"Tangu nijifungue. Na mapacha wenyewe sasa wana wajukuu."

Mhadhiri wa historia ya majengo, mama mmoja mwenye miwani, akasimama chini ya tao na kunyoosha kidole.

"Hesabuni. Kushoto mawe manane, kulia saba. Tumeliandikia kurasa nyingi jambo hili. Tunaamini mafundi walikusudia kutukumbusha kwamba binadamu hajakamilika." Watu wakaguna kwa kuridhika. Akamgeukia mdogo. "Mzee wetu, wewe uliyelifunga tao hili, tufunulie siri."

Makofi yakapigwa. Timazi akasogea mbele. Mzee wetu! Na yeye alikuwa nani, ngazi ya kupandia?

"Hakuna siri," akaropoka. "Nilichonga yangu membamba."

Mhadhiri akashusha kidole, Timazi akaendelea.

"Nilitaka yawe mengi kuliko ya huyu! Yakavuka nusu, ndiyo maana hata jiwe la kati limekaa upande. Miaka yote hiyo mnaandika, hamlioni?"

Shingo zote zikainuka. Kweli, jiwe lilikuwa limeegemea kulia, kama vidole viwili hivi. Mhadhiri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mke wa Timazi akaangalia viatu vyake.

Mdogo mtu akacheka mpaka akakohoa. "Kaka, nilijua siku ileile. Niliyahesabu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme uyabomoe? Nakujua wewe. Tungekuwa tunajenga mpaka leo."

Kanisa zima likacheka, isipokuwa Timazi. Miaka hamsini alikuwa ameutayarisha ugomvi, na mwenzake wala hakuuhitaji.

Mdogo akasogea karibu, fimbo ikigonga sakafu, akashusha sauti. "Shemeji kaniambia unanuna kila ukipita barabara hii. Hebu niambie, kaka. Ulitaka sifa? Ulitaka picha? Ichukue, mimi mwenyewe siipendi, nimetoka nimefumba macho."

Timazi akatikisa kichwa. "Ile fremu isingeweza kukaa siku moja zaidi?"

"Ingekaa hata mwezi. Mkuu wa chuo ndiye aliyekuwa na haraka, na mimi nikaona raha kuitwa fundi."

"Nilitaka uningoje," Timazi akasema. "Hilo tu, mdogo wangu. Nilitaka uningoje, tuliinue wote wawili."