Gia ya Pili Sekenke

Kila asubuhi kabla ya somo la udereva, Damari alizunguka nyuma ya karakana akatapika. Alisukutua mdomo kwa maji ya bomba, akafuta uso kwa khanga, kisha akarudi kusimama mstarini na wenzake watatu. Hawakujua. Kwao alikuwa mwanamke asiyeogopa kitu, maana alipitia Jeshi la Kujenga Taifa na huko aliendesha trekta. Yeye mwenyewe alijua kwamba trekta si lori. Trekta ukiliachia, linasimama.

Ulikuwa mwanzo wa mwaka 1975. Nyumbani kwao Ihanja watu walikuwa ndio kwanza wamehamia kwenye kijiji kipya kando ya barabara kuu, mvua ziligoma, na chakula kilitegemea mahindi ya njano yaliyoletwa kwa magari. Kampuni moja ya uchukuzi ya mjini Singida ilikuwa na malori mengi kuliko madereva. Ikatangaza kwamba itafundisha watu wanne, iwalishe, iwalaze, iwakatie na leseni, mradi wakifuzu waitumikie miaka mitatu. Kamati ya kijiji ikapeleka jina la Damari. Mama yake, Anastazia, hakufurahi wala hakukataa. Alisema tu kwamba wakati wa njaa mtu hachagui kazi.

Mwalimu wao aliitwa Laurenti, mzee wa miaka hamsini na kitu, mtu wa maneno machache. Kwa wiki saba aliwazungusha kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji, akiwafundisha jambo moja kuliko yote: namna ya kurudisha gia ndogo gari likiwa mbioni. Unakanyaga klachi, unaitoa gia, unaachia klachi, unakanyaga mafuta mpaka injini ipige kelele, kisha klachi tena ndipo gia inakubali kuingia. Damari aliliweza hilo mapema. Lakini uwanja ule ulikuwa tambarare, na kila mmoja wao alijua kwamba mtihani haungefanyika pale. Ungefanyika kwenye mteremko wa Sekenke, lori likiwa na mzigo.

Manase, mwanafunzi mwenzake kutoka Iguguno, alikuwa amewahi kuushuka akiwa abiria. Alimsimulia jinsi barabara inavyojikunja ubavuni mwa mlima, na jinsi ukichungulia bondeni unavyoona vyuma vilivyoota kutu. Damari alimwomba asiendelee.

Siku yake ya mtihani ilipofika walipakia magunia themanini ya mahindi ya kupeleka Shelui, chini ya mlima. Manase alipanda juu ya mzigo. Laurenti alikaa kushoto kwa Damari. Walipofika kileleni mzee aliamuru wasimame. Alishuka, akayagonga matairi, akakagua breki, akarudi.

"Gia ya pili," alisema. "Usiibadili mpaka chini."

Damari akaingiza gia ya pili, wakaanza kushuka. Kulia kwake ulikuwa ukuta wa mwamba, kushoto ukingo mwembamba wa barabara, kisha hakuna kitu. Kona ya kwanza akaipita, na ya pili. Kwenye ya tatu gurudumu likaingia shimoni, gari likatikisika, na gia ikachomoka yenyewe.

Mngurumo wa injini ukafifia, na badala yake Damari akasikia upepo. Magunia yote themanini yalikuwa yakiwasukuma. Alikanyaga breki, zikashika kidogo. Akakanyaga tena, na safari hii mguu ulizama kama wa mtu aliyekanyaga tope. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Alimgeukia mwalimu, na alichokiona kilimtisha kuliko bonde. Uso wa Laurenti ulikuwa wa kijivu. Mkono wake ulikuwa umeshafungua mlango.

"Ruka," alisema. "Damari, ruka."

Mzee mwenyewe akaruka.

Mlango ulibaki ukipigapiga. Damari alitamani kumfuata kwa mwili wake wote, na mkono wake mmoja ulikwisha kuachia usukani. Ndipo akasikia Manase akigonga paa, akiuliza mbona wanakimbia hivi. Alikuwa juu ya magunia, hajui lolote.

Akaushika tena usukani. Alijua la kufanya, na ndilo lililomtia hofu zaidi, kwa sababu gari lililokuwa likimkimbiza lilihitaji kukanyagiwa mafuta. Akakanyaga. Injini ikapiga kelele, akabonyeza klachi, akasukuma gia. Ikakwaruza na kukataa. Kona ya nne ilikuwa mbele yake. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho, akipiga kelele ambazo hakuzisikia, akaisukuma gia kwa mkono na bega. Ikaingia.

Lori lilishtuka kama ng'ombe aliyevutwa kamba. Damari akalilaza upande wa mwamba, bati likasaga mawe, na hatua chache kabla ya kona likasimama. Akavuta breki ya mkono. Manase alishuka akaweka mawe chini ya matairi, kisha akaja dirishani na kuuliza mwalimu yuko wapi. Damari akaonyesha kwa kidole nyuma, barabarani.

Walimkuta Laurenti ameketi kando ya barabara, mkono wa kushoto umevunjika juu ya kiwiko. Alimtazama Manase, akaelewa kwa nini binti hakuruka, akainamisha kichwa.

"Nilimsahau," alisema.

Hakukuwa na gari jingine lililopita. Mzee alihitaji mganga, na zahanati ya karibu ilikuwa chini. Baada ya kungoja saa nzima breki zipoe, Damari alielewa kwamba ni yeye atakayeendesha. Aliwaambia hawezi. Alilia waziwazi. Laurenti hakumbembeleza. Alipanda taratibu, mkono uliovunjika ukiwa umefungwa kwa khanga ya Damari. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, akaushika mti wa gia.

"Mimi nitaizuia isichomoke," alisema. "Wewe tazama njia."

Wakashuka hivyo, mwendo wa mtu anayetembea, Manase akifuata kwa miguu na jiwe mikononi. Mzee alitetemeka njia nzima, na Damari alihisi mtetemo wake kwenye goti kila lilipougusa mti wa gia. Chini ya mlima Manase akapanda, wakaendelea mpaka Shelui.

Ofisini Singida, meneja alitaka kujua dereva mwanafunzi alikosea wapi. Kabla Damari hajafungua kinywa, Laurenti alisimama, mkono ukiwa kwenye plasta. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeruka, akamwachia mwanafunzi gari na mtu juu ya mzigo. Akaomba apelekwe karakana, asifundishe tena. Walimkubalia.

Damari alipewa leseni mwezi uliofuata. Aliitumikia kampuni miaka yote mitatu, na mingine sita ambayo hakuna aliyemlazimisha. Sekenke aliishuka mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Madereva wageni walipomuuliza kama hofu huisha, aliwajibu kwamba yake haikuisha hata siku moja, na kwamba kila alipofika kileleni alisimama kwanza, akashuka, akaenda kutapika.