Dhahabu Ukutani kwa Mtani

Nakani alikuwa na masikio mawili, na kwao, katika machimbo ya dhahabu ya Sigiri, bibi arusi haendi kwa mumewe na kipuli kimoja. Mama yake, Nantenin Traore, alikuwa na dhahabu ya kipuli kimoja tu. Arusi ni Alhamisi.

Mvivu hakuwa. Kilichomponza ni haraka. Udongo wa shimo lake ulikuwa mweupe, wa kunata kama uji wa muhogo. Udongo wa namna hiyo hulowekwa kutwa, ukavunjwavunjwa kwa mikono mpaka uyeyuke. Yeye aliumwaga kwenye ubao wa kuoshea ungali mabonge. Basi bonge likiviringika ubaoni haliachi dhahabu. Huokota na ile iliyokwisha kunasa hapo, likaenda zake. Mabonge yale Nantenin aliyaona takataka, akampa jirani, Mzee Lansine Konde, naye akakandikia ukuta.

Ikaja mvua ya kwanza. Asubuhi Nantenin akapita, akaona chini ya ukuta, pale maji ya paa yalipochimba kijifereji, punje zinang'aa. Mvua imeosha kuliko yeye.

"Mtani, naomba ukuta wako."

Mzee hakuacha kutafuna kokwa yake ya kola. "Kwani nyumba ya Kitraore imeanguka?"

"Haijaanguka. Kitendawili!"

"Tega."

"Mama kaoza, mwana tumboni mzima."

"Hayo mayai unayouza."

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua Kankan. Usirudi."

"Nimekwenda Kankan, nimekula, nimeshiba. Mama ni jiwe, mwana ni dhahabu. Jiwe limenyeshewa tangu babu wa babu zetu hawajazaliwa, likaoza, likawa udongo. Dhahabu haiozi. Imo humo unamoegemea."

Mzee akajiegemua taratibu, akautazama ukuta kama mkwe aliyekuja bila taarifa. Udongo alikwisha kupewa, kwa hiyo na kilichomo ni chake. Lakini Konde na Traore ni watani, na mtani akiomba hanyimwi. Hulipishwa kwa utani.

"Bomoa. Ila kwanza useme mbele za watu: kati yetu, mla maharage ni nani?"

Hilo ndilo tusi la utani kati ya koo hizo mbili. Tangu azaliwe, kila Konde aliyemwita mla maharage alirudishiwa neno hilo hilo. Mama yake alikufa hajalikubali.

Akafikiria lile sikio tupu.

Watu walipotoka kuswali, akasimama. "Mla maharage ni mimi."

"Hatujasikia!" akasema mzee, akaagiza bakuli la maharage.

Nantenin akala lote, bila kukunja uso. Kisha akasema, "Yamepungua chumvi."

Ukuta ukabomolewa, ukalowekwa kwenye mitungi, ukaoshwa, safari hii bila haraka. Sonara akatoa kipuli cha pili, kidogo kuliko mwenzake. Nakani akaambiwa ashushe kilemba upande huo.

Alhamisi Mzee Konde akaja arusini kutoka nyumba yenye kuta tatu. Wageni wakapewa wali na mchuzi wa karanga. Yeye akawekewa sinia zima la maharage, peke yake, kwa heshima zote. Akalitazama. Watu wakamtazama. Akala.

"Yamekolea chumvi," akasema, akifuta mdomo. "Sasa, mla maharage mwenzangu, ukuta wangu lini?"

"Kesho. Udongo upo tayari, mtani. Huu nimeuosha."